Dada yangu aliisalimia mashine, na jibu lile nililiandika mimi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wenye umri wangu humu ndani najua ni wachache, kwa hiyo shikamoo zenu nitazipokea kimya kimya.

Kisa hiki nimeshakisimulia mbele ya mtu aliyeumia kwa sababu yangu, naye akanisahihisha kila mahali nilipojipunguzia lawama. Ninachowaletea ni kile kilichosahihishwa. Sina cha kupamba.

Kuna uzi wa siku za karibuni hapa, vijana walikuwa wanabishana kuhusu chatbot, hizi roboti za kuchati kwenye simu. Mmoja akaandika kwamba mtumiaji akikwama wakati ujumbe wa msaada upo, huyo ni mvivu wa kusoma.

Niliusoma nikafunga simu. Leo ndiyo namjibu.

Kwanza mnijue. Naishi Nosy Be, kisiwa cha kaskazini-magharibi ya Madagascar, Bukini kama wazee wetu walivyoiita. Nilizaliwa Mahajanga, mji wa bandari upande huohuo wa pwani, kwenye familia yenye asili ya Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro.

Mwishoni mwa miaka ya sabini watu wetu wengi waliondoka Mahajanga kwa meli. Tulikuwa tumeshambuliwa mjini; kisa chake sitaki kukirudia, wanaokijua wanakijua. Mimi nilikuwa kijana. Nikapitia Ngazidja, nikafika Tanga kwa mjomba, nikasoma sekondari pale. Kiswahili changu hiki ni cha Tanga. Huku ninakoishi hakuna wa kuongea naye, ndiyo maana nawasumbua ninyi.

Dada yangu mkubwa, Echati, hakuondoka. Alikuwa ameolewa na mtu wa hukohuko. Bandarini alikuja kutusindikiza tu. Hiyo siku ya bandarini mniwekee, nitaihitaji baadaye.

Nilirudi Bukini miaka ya themanini, nikapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja pale Ambondrona, ufukweni Nosy Be. Nilikaa hapo mpaka nikastaafu.

Kazi yangu moja ilikuwa kuandika matangazo ya kubandika vyumbani. Muda wa maji ya moto. Funguo. Chandarua. Niliyaandika vizuri, kila tajiri aliyeinunua hoteli ile aliyasifu. Nikajiona mtu wa kuandika maelekezo.

Kumbukeni na hilo pia.

Sasa tuje kwenye chama. Watu wa asili yetu waliobaki na waliorudi wana chama cha kusaidiana. Makao ni Mahajanga, wanachama wengine wako Nosy Be na hata Nosy Komba, kisiwa kidogo jirani. Mtu akifiwa, chama kinashughulika na sanda, kaburi, gari, chakula cha wageni.

Na mwanamke akifiwa na mume, chama kinamtunza akiwa eda. Yeye hatoki. Kwa hiyo kina mama wa chama walikuwa wanapita nyumbani kwake kila baada ya siku chache. Unga upo? Mkaa upo? Dawa zako je? Hakuna aliyesubiri kuombwa.

Miaka michache iliyopita wakanichagua katibu. Nikiwa Nosy Be, huku makao yako Mahajanga! Walisema siku hizi kazi ni ya simu, mbali si mbali tena.

Binti wa mwanachama mmoja, Faiza, anakaa Amborovy, nje kidogo ya Mahajanga, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yake ni kompyuta. Akajitolea kututengenezea chatbot. Mwanachama anaandika shida yake kwenye simu, roboti inampelekea mhusika, hakuna kinachosahaulika.

Ilikuwa zawadi nzuri. Narudia, mashine haikuwa na kosa.

Faiza akanipigia. "Tonton, nimebakiza ujumbe wa msaada tu. Ule unaotokea mtu akikwama. Uandike wewe, wewe ndiye unayewajua watu."

Tonton ndiyo "mjomba" yetu huku, Kifaransa kimetuingia hadi jikoni.

Nikaandika kwa Kifaransa kizuri cha ofisini, na tafsiri chini yake kwa Kimalagasi cha serikali, kile cha nyanda za juu. Kwa Kiswahili ungeanza hivi:

"Ndugu Mtumiaji, huduma hii inatolewa kwa wanachama hai pekee kwa mujibu wa katiba ya chama. Tafadhali bainisha aina ya ombi lako kwa kuchagua namba husika. Maombi yasiyofuata utaratibu hayatashughulikiwa..."

Halafu orodha ya namba. Halafu masharti. Halafu mwisho kabisa: kwa msaada zaidi, piga simu kwa mmoja wa maafisa wa zamu. Majina matatu.

Faiza akasema, "Tonton, ni ndefu. Na mtu mmoja si sawa na mwingine. Naweza kuweka kila mtu achague anavyotaka kusaidiwa, kwa sauti, kwa kifupi, kwa lugha yake."

Nikamjibu, "Binti yangu, utaratibu ni mmoja kwa wote. Tukianza kumbagua mtu na mtu, kesho tutaambiwa tuna upendeleo."

Akauweka kama ulivyo. Heshima yetu ndiyo hiyo, mkubwa akishasema imekwisha.

Katika mkutano uliofuata nikapendekeza jambo jingine. Kwa kuwa sasa mwenye shida ataandika, kina mama waache kuzunguka majumbani. Wanachoka bure. Watu wakapiga makofi.

Na kuna la tatu, hili ndilo zito. Echati alikuwa na tabia ya kunipigia simu kila siku. Bei ya samaki, goti lake, ndoto aliyoota. Nilikuwa nachoka, na nilikuwa naona watu watasema katibu anampendelea dada yake. Nikamwambia, "Dada, mambo ya chama usinipigie mimi. Andika kwenye mashine kama wenzako."

Akasema, "Haya."

Neno hilo moja tu.

Baadaye mumewe akafariki. Nilikwenda mazikoni, boti mpaka bara, halafu ile barabara ndefu hadi Mahajanga. Nikakaa mpaka khitma, nikarudi Nosy Be. Dada akabaki kwenye eda yake. Watoto wake wote wako ng'ambo, humpigia simu Jumapili, naye huwaambia yu mzima. Jirani yake, Mama Soa, anayeuza mokary asubuhi, vile vitumbua vyetu vya mchele na nazi, ndiye aliyekuwa akimchungulia.

Echati ana presha ya siku nyingi. Anameza vidonge.

Vidonge vikaisha.

Mama Soa alikuwa amesafiri kwao Marovoay, kwenye msiba wao. Kina mama wa chama hawazunguki tena. Kaka mtu amesema asipigiwe. Dada akachukua simu akaiandikia roboti.

Sisi upande wa pili hatukupokea ombi lolote kutoka kwake. Kwenye kikao cha maafisa nikasema kwa furaha, "Mnaona? Hata mjane wetu hajalalamika." Ukimya wake niliusoma kama heri.

Mama Soa aliporudi kutoka Marovoay alimkuta sakafuni, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala kama si wake.

Kiharusi.

Wakuu, dada yangu alikuwa mshonaji wa kofia. Zile za vitobo vidogo vidogo, kofia moja inakula miezi. Nusu ya waswaliji wa mtaa wake wamevaa kazi ya mkono ule.

Nilirudi Mahajanga. Alipotoka hospitali, ulimi ulikuwa umefunguka, mkono haukufunguka. Nikamwomba Faiza aje tukae naye, atuambie kilichotokea. Tuliongea Kimalagasi cha pwani na Kikomoro, kama kawaida yetu. Nawaletea kwa Kiswahili.

Faiza alipoingia tu, dada akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Huyu ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Mashine yako haina adabu."

Faiza akainamisha kichwa.

"Nilimwambia *mbola tsara*," dada akaendelea. Hiyo ndiyo salamu yetu ya pwani, bila hiyo hununui hata chumvi. "Akanijibu hajaelewa. Nikasema labda mtu wa dini, nikampa salaam aleikum. Hajaelewa. Nikasema basi Mzungu huyu, nikampa *bonjour*. Hajaelewa! Nikajiuliza, katoka nchi gani huyu asiyejua hata salamu moja?"

Faiza alicheka, akajiziba mdomo.

"Cheka tu, mwanangu. Mimi nilicheka pia, nilikuwa bado nina mdomo wa kuchekea."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu akasema niandike neno la msaada. Nikaandika. Akanishushia khutba. Afadhali imamu wa Ijumaa, yule hukaa kitako katikati akatupumzisha."

"Ukaacha kusoma?"

Hapo akanigeukia mimi. "Nani kakwambia niliacha? Nilisoma mpaka chini. Nilivaa miwani nikasoma yote. Kule chini kulikuwa na wanaume watatu."

Nikawa sijamwelewa. Naapa sikumwelewa.

"Niko eda," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Udongo wa mume wangu haujakauka. Nimpigie nani kati ya wale? Nimwambie, habari, mimi mjane wa fulani, niko peke yangu ndani?"

Najua wenye elimu ya dini humu wataniambia kuongea kwa dharura kunaruhusiwa. Fundi wetu, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa dini, pia alisema hivyo. Mjadala huo tuuache. Dada alilelewa hivyo na mama yetu, na mimi nililelewa nyumba hiyohiyo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepaswa kulijua hilo kuliko mimi. Chama kinatunza wajane walio eda, na katibu wake anaweka wanaume watupu kwenye mstari wa mwisho wa msaada!

Nikamuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. "Kwa nini hukunipigia mimi?"

"Si uliniambia nisikupigie."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru.

Kesho yake nilikwenda Amborovy kwa Faiza. Tukakaa barazani kwake, kompyuta mezani, ujumbe wangu kwenye kioo. Nikamwambia tuufute.

"Tusifute," akasema. "Tuusome kwanza. Kila sentensi, Tonton, niambie inamsaidia nani."

Mchezo ule ulinitoa jasho, wakuu. "Kwa wanachama hai pekee": inamsaidia nani? Katibu. "Maombi yasiyofuata utaratibu hayatashughulikiwa": katibu. Masharti yote yale: katibu, asije akalaumiwa. Katika ukurasa mzima, aliyekwama alikuwa na mstari mmoja tu wa kwake, na mstari huo ulikuwa na wanaume watatu.

Nikakumbuka hoteli. Tangazo la hoteli linaandikwa ili mgeni akilalamika uweze kumwonyesha ukutani: mbona tulikwambia? Linalinda hoteli. Miaka yote ile nilidhani najua kueleza, kumbe nilichokijua ni kujikinga.

Sasa ile siku ya bandarini.

Meli ilikuwa imefunga gati, watu wamejaa na mafurushi. Ofisa mmoja alisimama juu na kipaza sauti, akasoma tangazo kwa Kifaransa. Mara moja, kwa wote. Wazee wetu hawakuelewa, wakaanza kulia, wengine wakidhani wanaambiwa warudi mjini.

Echati aliyekuja kusindikiza tu akaingia katikati yao. Kwa bibi yetu, kiziwi, alionyesha kwa mkono: wewe, kitambaa chako, ngazi ile. Kwa mama mwenye mtoto mchanga alisema maji yako wapi tu, mengine akayaacha. Kwa mzee mmoja mbishi alieleza yote tangu mwanzo, kwa nini na kwa nini, kwa sababu mzee yule bila kujua kwa nini asingeinua mguu. Tangazo lilikuwa lilelile. Kila mtu alilipata kwa kipimo chake, na kila mmoja alisalimiwa kwanza.

Niliyaona hayo kwa macho yangu nikiwa kijana. Halafu nikazeeka nikawa yule wa kipaza sauti.

Nilimsimulia Faiza. Akaacha kuandika, akasema, "Tonton, hiyo ndiyo niliyokuwa naiomba."

Tulianza upya. Nawapa kwa ufupi kilichobadilika, anayetengeneza vitu hivi anaweza kupata kitu.

Roboti sasa inajibu salamu. Ukiisalimu kwa lugha yoyote tunayoitumia, inakusalimu kwa hiyohiyo, na inaendelea nayo mpaka utakapoibadili wewe.

Ukikwama inakuuliza jambo moja tu. Unajibu, ndiyo linakuja la pili. Orodha nzima ipo, lakini anapewa anayeitaka. Vijana wanaitaka! Hawapendi kuulizwa ulizwa, wanataka kuona yote wachague. Basi wamewekewa.

Neno "Mtumiaji" limekufa. Unaitwa unavyotaka kuitwa. Kuna fundi seremala Nosy Be anaitwa na roboti "Kapteni", hajawahi kuendesha hata ngalawa.

Mama mmoja wa Nosy Komba, mtarizi wa vitambaa, hajui kusoma. Ujumbe wake wote ni wa sauti, na aliomba iwe sauti ya mwanamke, polepole. Akina mama wa huko wakauchukua hivyohivyo.

Mzee mwingine alitaka ujumbe wake uanze kwa kusema mambo ambayo mashine haiwezi. Nikamwona msumbufu. Faiza akasema huyo ana akili kuliko sisi. Sasa kila ujumbe wa msaada una mstari huo: siwezi kukuletea daktari, siwezi kujua kama umeanguka, ukinyamaza sitajua kwa nini umenyamaza.

Maneno yale ya kunyamaza niliyaandika mimi. Ndiyo sentensi pekee kati ya zangu ambayo Faiza hakuigusa.

Na mstari wa mwisho, wa watu wa kuwapigia, kila mtu anauandika mwenyewe. Mjane akiwa eda roboti inampa majina ya wanawake kabla hajaomba, akitaka mwanamume atamweka kwa hiari yake.

Kina mama wamerudi kuzunguka majumbani. Hilo nililipeleka mkutanoni mimi mwenyewe, nikasema ni mimi niliyewasimamisha, kwa sababu gani, na imegharimu nini. Nikaomba waniondoe ukatibu. Wakaniondoa. Hawakupiga makofi safari hii, walisema tu haya.

Siku ya kumwekea dada simu yake tulikwenda wote wawili. Kuandika hawezi tena, kwa hiyo alichagua sauti. Faiza akamuuliza yote kwa subira. Aitwe nani? "Mama Kofia." Lugha? Kikomoro. Ujumbe mrefu au mfupi?

"Mfupi. Khutba nimeshasikia."

"Na ukikwama kabisa, mama, tuweke nani wa kumpigia?"

"Mama Soa," akasema. "Halafu binti wa Fundi. Halafu wewe mwenyewe, mwenye mashine, maana umejifunza kusalimia."

Faiza akaandika majina matatu. Akasubiri. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mwingine je, mama?"

"Basi. Yanatosha."

Nikajua nimepata ninachostahili. Niliinuka nikasema nakwenda kumwangalia mtu wa maji nje, ingawa hapakuwa na mtu wa maji. Nilipofika mlangoni akaniita kwa jina langu la utotoni, lile la kabla ya meli.

"Unakimbilia wapi? Njoo ukae." Akagonga mkeka kwa mkono wa kushoto. "Kwenye mashine siwezi kukuweka. Mashine nitaiuliza mkaa na dawa. Wewe nitakupigia, kila siku kama zamani, na utapokea. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Bei ya samaki imepanda," akasema.

Nikakaa, akaniambia bei ya samaki.

Wakuu, funzo langu si refu. Ujumbe wa msaada huandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwama, na aliyekwama ana haki ya kuchagua asaidiwe vipi na amwite nani. Anayeuandika ili asilaumiwe atalaumiwa tu, kwa kubwa zaidi. Na yule kijana wa "mvivu wa kusoma", sikutukani, mwanangu. Dada yangu alivaa miwani akasoma yote mpaka chini.

Wanaotengeneza mifumo hii humu, semeni: zenu zinajibu salamu? Na ambao mmewahi kukwama mkakata tamaa, ni mstari gani uliowafukuza? Andikeni bila kuogopa. Nasoma polepole lakini nasoma yote, isipokuwa asubuhi, hapo nakuwa kwenye simu na dada.